Sakafu inatoa unga mweupe, niweke vinaili au raba?

"Habari za kazi mtaalamu. Naishi Tabata kwenye nyumba aliyojenga marehemu baba miaka ya 90, sakafu ni ile niru nyekundu, tulikuwa tunaipaka polishi tangu tukiwa wadogo. Sasa hivi imeanza kupasuka na kwenye kona za vyumba viwili inatoa unga mweupe, nafagia leo kesho umerudi. Nataka nikarabati kabla mwaka haujaisha. Marumaru sitaki kwasababu naishi na mama yangu ana miaka 70 na kitu, alishateleza kwenye marumaru kwa dada akaumia nyonga, halafu anasema zina baridi miguu inamuuma. Fundi wa kwanza kaniambia niweke vinaili za kubandika zile zinafanana na mbao. Wa pili kasema nisidanganywe, niweke raba, haipitishi maji na mama hata akianguka haumii. Kariakoo kila ninachoshika wananiambia waterproof. Nina mtoto wa miezi tisa anatambaa na kila kitu anapeleka mdomoni, nasikia plastiki zina sumu. Niweke ipi? Hela yenyewe ya kuunga unga, sitaki kurudia."

Pole sana dada kwa mama kuumia, nyonga kwa umri wake sio kitu cha mchezo. Na umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua, maana wengi wananiuliza boksi zikiwa zimeshashushwa na fundi kashachukua nusu ya hela yake.

Nikikuelewa vizuri unataka sakafu ambayo mama hatateleza, haina baridi, mtoto hatadhurika nayo na wewe hutairudia mwakani. Mafundi wako wamekuwekea vinaili huku na raba huku kana kwamba hapo ndio penye uamuzi. Mi naona uamuzi uko kwenye kile kitu ulichokitaja harakaharaka ukapita, ule unga mweupe kwenye kona. Usipoushughulikia huo kwanza, vinaili itabanduka na raba nayo itabanduka, na zote zitabanduka kwa sababu hiyohiyo moja.

Ule unga ni chumvi. Ardhi chini ya nyumba ina maji muda wote, hata kiangazi, na zege lina vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni, kwahiyo maji yanapanda humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yanabeba chumvi ya ardhini na ya kwenye saruji yenyewe, yakifika juu yanakauka yanaishia hewani na chumvi inabaki pale sakafuni. Ndio maana unafagia leo kesho umerudi, hujafagia chanzo umefagia kilichoachwa. Nyumba nyingi za enzi hizo jamvi, yaani lile zege la chini ya sakafu, lilimwagwa juu ya kifusi na mawe bila nailoni nzito chini yake, na baba wala hakukosea, ndivyo watu walivyokuwa wanajenga, na kwa sakafu ya niru haikuwa na shida kubwa kwasababu niru inapumua. Maji yanapanda kidogo, yanakauka, maisha yanaendelea. Shida inaanza siku unapoifunika juu na kitu kisichopitisha kitu, hapo maji hayana pa kutokea yanajikusanya chini ya hicho ulichoweka.

Sasa rudi kwenye neno la Kariakoo, waterproof. Muuzaji hakudanganyi, vinaili haivimbi kwa maji kama zile laminate za unga wa mbao, ukimwaga ndoo unafuta unaendelea na shughuli zako. Ila anaongelea maji ya juu, ya kwako yanatoka chini. Na ile sifa ambayo fundi wa pili anaisifia kwenye raba kwamba haipitishi maji, kwenye sakafu yako ndio ugonjwa wenyewe.

Ngoja nikuonyeshe kinachotokea ili usije ukadhani natisha. Maji yanayopita kwenye zege yanatoka na alikali, yaani ule ukali wa kemikali za saruji, na alikali inakula gundi. Miezi michache ya mwanzo kila kitu kinang'aa na wageni wanasifia. Baadae unaona maungio yamenyanyuka kidogo, ukipita yanalia chwa chwa chini ya mguu. Ukivuta kona moja unakuta mgongo wa vinaili umelowa, gundi imekuwa rojo inavutika kwenye vidole, zege chini limekuwa jeusi, na inatoka harufu nzito ya utamutamu ambayo hata ukidekia sabuni ya aina gani haiondoki. Harufu hiyo haitokani na uchafu, ni zile kemikali za kulainisha plastiki pamoja na za kwenye gundi zinavunjwavunjwa na alikali. Huko Skandinavia wamehangaika nayo miaka mingi kwenye majengo ya kisasa kabisa, kwahiyo sio mambo ya uswahilini tu.

Kwahiyo kabla ya duka, pima. Chagua sehemu kama nne hivi, kona yenye unga, katikati ya chumba cha mama, sebuleni, na ukuta unaopakana na bafu. Kila sehemu kwangua kwanza ile polishi mpaka uione saruji yenyewe, maana polishi ya miaka yote hiyo ni nta na nta inaficha unyevu. Kata nailoni nene inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa tepu pande zote nne pasibaki hata upenyo, iache. Kipimo chenyewe kinataka angalau masaa 16, mi nakwambia iache siku mbili tatu. Ukibandua ukakuta matone ndani ya nailoni au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, unyevu upo na ni mwingi. Ukikuta pakavu usishangilie sana, hiki kipimo kinakamata unyevu mkubwa tu, mdogo kinaweza kuukosa, na ukikifanya mwezi wa nane kiangazi kinaweza kukupa majibu tofauti kabisa na ya mwezi wa nne masika yamekolea. Vile vyumba viwili vyenye unga hata usipovipima, vimeshajibu.

Kuna kipimo cha uhakika zaidi ambapo wanatoboa zege wanaweka kifaa ndani ya tundu kinasoma unyevu wa humo ndani, na watengenezaji wengi wa gundi wanataka usizidi asilimia 75 au 80 ndio ubandike. Ukimpata mtu mwenye kifaa hicho mlipe, ni hela ndogo ukilinganisha na sakafu nzima kuharibika.

Halafu tafuta maji yanatoka wapi, maana sio lazima yawe ya ardhini tu. Usiku funga koki zote za nyumba, pigia picha mita ya maji, asubuhi kabla mtu hajafungua maji iangalie tena. Ikiwa imetembea kuna bomba linavuja na huenda linavuja chini ya sakafu hiyohiyo. Zunguka nje, angalia kama udongo wa uani umepanda mpaka umefikia usawa wa sakafu ya ndani, nyumba za zamani inatokea sana, watu wanamwaga kifusi mwaka hadi mwaka. Angalia kama maji ya bati yanadondoka palepale kwenye msingi, angalia karo la maji machafu na shimo la choo viko umbali gani na vile vyumba viwili. Kuweka gata, kushusha udongo uwe chini ya sakafu, na kumwaga ukingo wa zege wenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, hizo kazi hazina urembo hakuna mgeni atakaezisifia, ila zinaweza kupunguza unyevu wako kuliko kitu chochote utakachonunua dukani.

Baada ya hapo ndio tuongelee zege lenyewe. Vile vyumba viwili vikiendelea kutoa chumvi hata baada ya kurekebisha nje, una njia tatu. Ya kwanza ni kubomoa jamvi la vyumba hivyo, kuweka nailoni nzito ya geji 1000 inayopanda mpaka kwenye ukuta, kumwaga upya. Ni ya uhakika lakini ina vumbi na gharama, na inataka subira, sakafu mpya ya saruji inakauka takriban milimita moja kwa siku, kwahiyo skridi, yaani tabaka la saruji la juu ya zege, ya milimita 50 ni kama siku 50, na ikiwa nene zaidi inachukua muda mrefu zaidi ya hapo, na hizo siku zinahesabiwa baada ya kumaliza kuimwagilia. Fundi anaekwambia wiki ijayo tunabandika, mwambie asubiri. Ya pili ni kukwangua sakafu yote mpaka saruji tupu, kuziba nyufa, na kupaka epoksi maalum ya kuzuia unyevu tabaka mbili. Inafanya kazi vizuri ikiwekwa na mtu anaeijua, na ni hasara tupu ikipakwa juu ya nta au vumbi, inabanduka kama ngozi. Ya tatu ni kuiacha sakafu ipumue kwa kupiga niru upya, au kuweka marumaru, ambazo hata unyevu ukipanda kidogo haziozi wala hazina gundi ya kulainika.

Najua marumaru umeshaikataa, ila hapa nikusahihishe kidogo dada. Zilizomuangusha mama nadhani ni zile za kung'aa, ukiangalia unajiona sura. Zile kweli zikilowa ni hatari. Zipo ambazo hazing'ai, zina mparuzo, na kwenye boksi utakuta alama ya R inayoanzia R9 mpaka R13, namba ikiwa kubwa ndio inashika mguu zaidi. Kwa bafuni na jikoni mi ningekuambia chukua R10 au R11, tena ndogondogo zile zenye maungio mengi maana maungio nayo yanashika. Bafuni usiweke vinaili ya mbao wala raba ya vipande hata ukipewa bure, kwetu tunaoga kwa ndoo, maji yanatuama, na yanaingia kwenye maungio na pembeni kwenye skating. Jikoni nako kama unatumia jiko la mkaa ni hivyohivyo, kaa moja likidondoka kwenye vinaili linaacha shimo jeusi la milele.

Haya, vinaili. Kwa jina hilo wanauza vitu vitatu tofauti. Kuna ile ya kuviringisha inauzwa kwa mita, wengi wanaiita kapeti la plastiki, nyembamba kabisa zile za bei rahisi ni chini ya nusu milimita zinachora kila punje ya mchanga iliyoko chini, na nzuri zinafika milimita mbili na zaidi zina povu mgongoni. Kuna vipande vya kubandika kwa gundi vya milimita mbili mbili na nusu hivi, hivi ndio fundi wako wa kwanza alivyokutajia. Na kuna SPC, mbao ngumu za milimita nne mpaka sita, ndani ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC, zinashikana zenyewe kwa kubanana pembeni bila gundi na zinakaa juu ya sakafu bila kushikizwa. Kwenye zote tatu usidanganyike na unene wa jumla, uliza unene wa lile tabaka la juu linaloonyesha, ndilo linalokanyagwa. Kwa nyumba ya familia inayoingiza mchanga kutoka nje chukua kuanzia milimita 0.3, ukipata 0.5 ni bora zaidi. Ya 0.1 mwaka wa pili hapo mlangoni picha ya mbao imefutika.

Kwa sakafu yako hivi vya kubandika ndio vya mwisho kabisa kuvifikiria. Vinategemea gundi kwa asilimia mia, na una vitu viwili vinavyoua gundi, unyevu na ile polishi nyekundu. Hata kwenye vyumba vikavu nta ile imeshaingia ndani ya niru, haitoki kwa kudeki na sabuni, inatakiwa ikwanguliwe au isagwe na mashine.

SPC inavumilia zaidi kwasababu haina gundi, lakini isikudanganye kwamba unyevu umeisha, chini yake maji yatajikusanya na ukungu utaota, na kwa mtoto anaetambaa ukungu sio jambo dogo. Kwenye vyumba vikavu tandika nailoni kwanza, maungio yake yapishane sentimita 20 na upige tepu, ndio SPC ije juu. Na inataka sakafu iliyonyooka. Chukua rula ya aluminiamu ya mita mbili ilaze huku na huku, pengo likizidi milimita tatu sawazisha kwanza, la sivyo mbao zitakuwa zinabonyea ukikanyaga na yale meno ya pembeni yanavunjika moja baada ya jingine.

Kapeti la kuviringisha watu wanalidharau, mi silidharau. Kwenye chumba kidogo linaingia bila maungio au na ungio moja tu, linaweza kutandikwa bila gundi au kwa tepu pembeni, na ukiwa na wasiwasi na unyevu unalinyanyua kona kila baada ya muda unaangalia kukoje chini. Hilo halifanyiki kwa kitu kilichobandikwa.

Sasa raba. Raba yenyewe ya sakafu ni kitu kizuri sana, hospitali na viwanja vya ndege huko nje wanaiweka, haipigi kelele, haina baridi mguuni, inashika hata ikiwa na maji kidogo, na inadumu miaka mingi. Hiyo ni raba iliyochemshwa na salfa kiwandani, inakuja kwa vipande au mabunda, ni ghali, na madukani kwetu ni adimu. Nyingi ya vitu utakavyoonyeshwa kwa jina la raba ni moja ya hivi vitatu: PVC laini, mikeka ya povu ile ya watoto ya kuunganisha, au mikeka myeusi ya chembechembe za matairi yaliyosagwa kama ya jimu.

Ukitaka kujua, omba kipande cha bure, nenda nacho nje kwenye upepo, chukua waya wa shaba ushike na koleo, upashe kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uguse kile kipande halafu urudishe waya kwenye moto. Moto ukibadilika ukawa wa kijani ni PVC. Raba haitoi kijani, inanuka tairi linaloungua na moshi mweusi. Fanya kidogo tu, usivute ule moshi, na mtoto asiwe karibu.

Ile ya matairi siishauri ndani ya nyumba ya kulala, na kwako hasa kwa sababu ya mtoto. Kwenye jimu lenye madirisha makubwa sawa, chumbani kwenye joto la Dar inatoa harufu ya tairi miezi na miezi, na matairi yana mafuta na kemikali ambazo hazikukusudiwa mtoto azilambe. Raba pia haipendi mafuta. Mafuta ya kupikia yakimwagika yanaifanya ivimbe na kulainika, na kuna ile tabia yetu ya kutia mafuta ya taa kwenye maji ya kudekia ili kufukuza sisimizi, hiyo inaimaliza raba na inaifubaza vinaili pia.

Na kuna jambo moja ambalo huenda hakuna atakaekwambia dukani, raba na vinaili haviwekwi pamoja. Watu wanamaliza kuweka vinaili nzuri, wanaweka zulia dogo la mlangoni lenye mgongo wa raba ili lisiteleze, baada ya miezi wanalinyanyua wanakuta chini yake mstatili wa njano iliyokolea, au kahawia, wenye kipimo kilekile cha zulia. Wanasugua na jiki, wanasugua na dawa ya meno, haitoki. Haitatoka kwasababu sio uchafu wa juu, ndani ya raba kuna dawa ya kuizuia isizeeke, ile dawa inahama inaingia ndani ya vinaili yenyewe na inabadilika rangi humo. Raba za miguu ya kitanda, ya friji, ya kigari cha mtoto, zote zinaacha alama hiyohiyo. Weka vitambaa vya manyoya chini ya miguu ya fanicha, na zulia liwe la pamba au limeandikwa wazi linafaa kwa vinaili.

Kuhusu sumu, hujasikia uongo ila umesikia nusu. PVC kwa asili yake ni ngumu, ndio hiyohiyo ya mabomba ya maji. Ili iwe laini ya kuviringika wanachanganya vilainishi, na vya zamani vinaitwa thaleti. Hivi havishikamani na plastiki moja kwa moja, vinatoka taratibu miaka na miaka vinakaa kwenye vumbi la nyumba, na nani anaeshika vumbi la sakafuni na kupeleka mkono mdomoni kama sio mtoto wa miezi tisa. Baadhi yake zinavuruga homoni, ndio maana Ulaya tangu mwaka 2020 wamezibana nne kati yake zisizidi asilimia 0.1 kwenye bidhaa nyingi za nyumbani, sakafu zikiwemo, na Marekani maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi kama Home Depot yalitangaza mwaka 2015 kuachana na vinaili zenye thaleti. Viwanda vingi vimehamia vilainishi vingine. Kwahiyo tafuta boksi au bunda lililoandikwa "phthalate free", yaani halina thaleti, muulize muuzaji karatasi ya vipimo, na kama bidhaa haina jina la kiwanda wala karatasi yoyote na ukifungua inanuka kali mpaka macho yanawasha, iache hapohapo hata iwe nusu bei. SPC kwa kuwa ni ngumu ina vilainishi vichache sana kuliko ya kuviringisha, na hilo ni sababu nzuri ya kuichagua pale mtoto anaposhinda. Chochote utakachoweka, fungua madirisha siku kadhaa kabla mtoto hajahamia humo, na deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia tu, ufagio unarusha vumbi hewani.

Na mama. Hapa fundi wa pili amekupa matumaini ambayo raba haiwezi kuyabeba. Raba au povu la milimita mbili tatu linapunguza ukali kidogo, haliokoi nyonga ya mtu wa miaka 70 akianguka kwa uzito wake. Kinachomsaidia ni asianguke. Sakafu isiyong'aa, vyumba vyote viwe usawa mmoja pasiwe na kizingiti cha nusu inchi kati ya marumaru ya jikoni na SPC ya sebuleni, hakuna vizulia vya kuteleza, taa ndogo ya usiku njiani kwenda chooni, na chuma cha kushika kilichofungwa ukutani pembeni ya choo na anapoogea, kifungwe kwenye tofali kwa bolti sio kwa gundi. Hicho chuma ni bei ndogo kuliko boksi chache za vinaili. Na kama ameshaanguka zaidi ya mara moja au anasema kizunguzungu, mpeleke hospitali apimwe presha, macho na dawa anazotumia, sakafu peke yake haitatibu hilo.

Ningekuwa naamua kwa nyumba yako ningefanya hivi. Nje kwanza, gata na udongo. Bafu na jikoni marumaru za mparuzo. Vyumba vikavu pamoja na sebule SPC ya milimita tano yenye tabaka la juu la 0.5 au angalau 0.3, rangi isiyo nyeusi sana karibu na mlango wa kioo maana jua la mchana linaipasha inatanuka. Vyumba viwili vyenye chumvi visivalishwe kitu cha kuziba unyevu mpaka masika moja ipite baada ya marekebisho ya nje, upige niru upya au utandike tu mkeka wa ukindu ambao unanyanyuka na kukauka. Mama kama analala kwenye mojawapo ya hivyo viwili, mhamishe chumba kikavu, ukungu na kifua cha mtu mzima havipatani.

Kwenye kununua piga hesabu mwenyewe. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 ni mita za mraba 14, ongeza asilimia 10 ya kukatakata inakuwa 15.4, na kama boksi moja lina mita 2.2 basi ni boksi saba. Kwa kapeti la kuviringisha usihesabu eneo, hesabu upana wa bunda, likiwa la mita mbili chumba hichohicho kinataka vipande viwili vya mita nne, jumla mita nane za urefu, sawa na mita za mraba 16. Nunua zote siku moja zenye namba moja ya uzalishaji, rangi zinatofautiana. Zilaze boksi ndani ya chumba masaa 48 kabla ya kuweka zizoee joto la humo. Fundi aache nafasi ya milimita sita mpaka nane kuzunguka ukuta wote, skating itaificha, asipoiacha joto la Januari litainua sakafu katikati ya chumba. Maungio ya mistari yapishane angalau sentimita 30. Na kabati zito la kufungwa ukutani lisimame kwenye zege, SPC iishie mbele yake.

Kuna hali ambazo majibu ya kuandikiana hayatoshi. Ufa unaopitisha sarafu, au upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, au ufa wa sakafuni unaoendelea na ukutani, hapo usifunike chochote, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, ile bodi ya usajili wa wahandisi, aje aone msingi. Mita ikitembea usiku, fundi bomba kwanza. Na kwa mwingine anaesoma hapa mwenye nyumba au ofisi ya zamani zaidi, ukikuta chini kuna vigae vya plastiki vya inchi tisa kwa tisa vimebandikwa na gundi nyeusi, usivikwangue wala kuvisaga, vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, viache vilivyo mpaka vipimwe.

Hela ikiwa haitoshi kwa pamoja dada, anza na gata, bafu na chumba cha mama, kwa mpangilio huohuo. Sebule inaweza kusubiri mwakani na niru yake.